Wepesi wa Mfumo na Mzigo wa Picha: Historia ya Viendeshi vya Michoro na Uchezaji wa Video katika Linux Nyepesi, 2000–2012

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna uchezaji wa video ulivyoboreshwa katika mifumo endeshi myepesi ya Linux kati ya mwaka 2000 na 2012. Dai lililozoeleka ni kwamba kompyuta dhaifu hucheza video vizuri pindi mfumo wake unapopunguzwa uzito. Insha inaonesha kwamba dai hilo ni kweli kwa sehemu tu. Kupunguza mfumo huokoa kumbukumbu, lakini kazi ya kusimbua na kuonesha picha haipungui. Kazi hiyo hupungua tu pale inapohamishwa kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye kadi ya michoro, na uhamisho huo hutegemea kiendeshi. Kwa kufuatilia nyongeza ya Xv, seva ya Xvesa, violesura vya VDPAU na VA-API, na mkasa wa chipu ya GMA 500, insha inahitimisha kwamba maisha ya kompyuta yalikatizwa mara nyingi si na uchakavu wa vifaa, bali na kukosekana kwa maelezo ya kiufundi ambayo yangewawezesha watu wengine kuandika na kutunza viendeshi.

1.0 Utangulizi

Swali linaloongoza insha hii lilimjia mtafiti alipokuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Alikuwa na kompyuta ya mkononi iliyokwishatumika, ambayo mfumo wake wa awali ulikuwa umeilemea, naye akaiwekea Linux nyepesi kama alivyoshauriwa na wenzake. Kompyuta iliwaka upesi, na kazi za kuandika na kusoma zilifanyika bila kusita. Hata hivyo, mihadhara iliyorekodiwa kwa video ilikwama: sauti ilitangulia, picha ikafuata kwa kurukaruka. Kwa majuma kadhaa mtafiti aliondoa kila kilichoweza kuondolewa, kuanzia picha ya mandhari hadi programu zilizojiwasha zenyewe. Hakuna kilichobadilika. Siku alipobadilisha mstari mmoja katika faili la mipangilio, ili kiendeshi cha jumla kikipishe kiendeshi mahsusi cha kadi ile, mihadhara ileile ilicheza bila kukwama.

Tajriba hiyo ni ya mtu mmoja, na haiwezi kuwa ushahidi wa historia. Ilitosha, hata hivyo, kuzua swali: ikiwa vifaa vilikuwa na uwezo huo tangu mwanzo, ni nini kilichouficha, na nani alikuwa na mamlaka ya kuufichua? Historia nyingi za Linux husimuliwa kwa kufuata kiini chake, tangu Linus Torvalds alipokitangaza mwaka 1991, au kwa kufuata ushindani wa mazingira ya eneo-kazi. Viendeshi vya michoro hutajwa pembeni, kama jambo la mafundi. Insha hii inavileta katikati, kwa sababu ndivyo vilivyoamua kama kompyuta ya mtu asiye na uwezo wa kununua mpya ingeendelea kumfaa au ingetupwa.

Hoja imejengwa juu ya kumbukumbu za matoleo ya programu husika, maelezo ya kiufundi yaliyotolewa kwa umma na watengenezaji, na hesabu zilizofanywa na mtafiti mwenyewe ili kupima ukubwa wa mzigo unaozungumziwa.

2.0 Istilahi na Mipaka

Katika insha hii, kiendeshi ni programu inayoujua undani wa kifaa fulani na kuuwezesha mfumo endeshi kukiamuru. Kiendeshi cha jumla ni kile kinachotumia amri chache zinazoeleweka na karibu kadi zote. Kiendeshi mahsusi huandikwa kwa ajili ya familia moja ya kadi na huweza kutumia uwezo wake wa pekee. Kusimbua ni kufungua video iliyobanwa ili fremu zake zionekane, kazi ileile ambayo king'amuzi hukifanyia kituo cha televisheni cha dijitali. Linux nyepesi ni mkusanyiko wowote wa Linux uliokusudiwa kutumika katika kompyuta zenye kumbukumbu ndogo na prosesa dhaifu.

Kipindi kinachochunguzwa kinaanza Machi 2000, lilipotolewa toleo la 4.0 la XFree86, na kinaishia Machi 2012, lilipotolewa toleo la 3.3 la kiini cha Linux. Sababu za kuchagua mipaka hiyo zitadhihirika katika sehemu zinazofuata. Pale matokeo ya jambo yalipovuka mwaka 2012, yametajwa kwa ufupi.

3.0 Mzigo wa Fremu na Nyongeza ya Xv

Ili kuelewa mchango wa kiendeshi, ni lazima kwanza kupima mzigo wenyewe. Chukua filamu ya DVD ya mfumo wa PAL, yenye upana wa pikseli 720, kimo cha pikseli 576 na fremu 25 kwa sekunde. Kila fremu ina pikseli 414,720. Video haihifadhi rangi kama zinavyooneshwa na skrini. Huhifadhi mwangaza kwa kila pikseli, na taarifa za rangi kwa kila kundi la pikseli nne, kwa kuwa jicho la binadamu ni jepesi kutambua mabadiliko ya mwangaza kuliko ya rangi. Kwa utaratibu huo pikseli moja huchukua wastani wa baiti moja na nusu, na sekunde moja ya video iliyosimbuliwa huchukua baiti 15,552,000.

Skrini, kwa upande wake, hutaka nyekundu, kijani na buluu. Ikiwa filamu hiyo inapaswa kujaza skrini ya pikseli 1024 kwa 768, na kila pikseli inachukua baiti nne, fremu moja inakuwa na baiti 3,145,728, na sekunde moja inakuwa na baiti 78,643,200. Prosesa isiyosaidiwa hulazimika kufanya mambo matatu: kubadilisha rangi za kila pikseli, kuikuza picha hadi ijaze skrini, na kusukuma kwenye kadi data iliyo takriban mara tano ya ile iliyotoka kwenye usimbuaji. Yote hayo ni nje ya kazi ya kusimbua.

Kabla ya mwaka 2000, watumiaji wengi wa Linux walikuwa katika hali hiyo. XFree86, utekelezaji huria wa mfumo wa madirisha wa X uliobuniwa katika chuo cha MIT mwaka 1984, ulitolewa katika matoleo ya 3.3 ukiwa na seva mbalimbali kwa ajili ya familia mbalimbali za kadi. Toleo la 4.0 lilibadilisha muundo huo: sasa palikuwa na seva moja inayopakia kiendeshi kinachohitajika kama moduli. Pamoja na muundo huo zilikuja nyenzo mbili muhimu, yaani DRI kwa ajili ya michoro ya pande tatu, na utekelezaji wa nyongeza ya Xv kwa ajili ya video. Itifaki ya Xv haikuwa mpya. Ilibuniwa mapema katika kampuni ya Digital Equipment Corporation. Kilichokuwa kipya ni kwamba viendeshi vya kadi za kawaida viliweza kuitekeleza.

Kwa kutumia Xv, programu ya kuchezea video huikabidhi kadi fremu ikiwa katika rangi zake za asili. Kadi ndiyo inayobadilisha rangi na kuikuza picha, kwa sakiti zilizowekwa ndani yake kwa kazi hiyo. Katika kadi nyingi za wakati huo, programu ilipaka dirisha lake rangi moja maalumu, na kila mahali kadi ilipoikuta rangi hiyo iliweka pikseli za video badala yake. Ndiyo maana mtu aliyejaribu kupiga picha ya skrini alipata mstatili mtupu: video haikuwahi kuwapo katika picha iliyochorwa na mfumo. Kwa mfano wetu, data iliyopaswa kusukumwa ilishuka kutoka takriban megabaiti 78.6 hadi 15.6 kwa sekunde, na hesabu za rangi na ukuzaji ziliondoka kabisa kwenye prosesa.

Programu za kuchezea video ziliitumia fursa hiyo haraka. MPlayer, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Árpád Gereöffy wa Hungaria, ilimwachia mtumiaji kuchagua njia ya kuonesha picha: njia ya kawaida ya X11 au njia ya Xv. VLC, iliyotokana na mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris nchini Ufaransa na kutolewa kwa leseni huria mwaka 2001, nayo iliitumia. Kompyuta ileile na programu ileile ziliweza kutoa matokeo mawili yaliyotofautiana mno, kwa kutegemea kama kiendeshi kiliitekeleza Xv au la.

4.0 Wepesi Ulioondoa Kilichohitajika

Miaka hiyohiyo ndiyo iliyozaa wimbi la kwanza la Linux nyepesi. Puppy Linux, iliyoanzishwa na Barry Kauler wa Australia mwaka 2003, iliweza kupakiwa yote kwenye kumbukumbu na kutumika bila kugusa diski kuu. Damn Small Linux ya John Andrews ilijiwekea kikomo cha megabaiti 50, ili itoshe kwenye diski yenye ukubwa wa kadi ya biashara. Mafanikio ya miradi hii katika kufufua kompyuta zilizokwishaachwa hayapaswi kubezwa.

Kikomo cha ukubwa, hata hivyo, kilidai maamuzi. Seva kamili ya X, pamoja na viendeshi vyake vyote, ilikuwa miongoni mwa vitu vizito katika mfumo. Mbadala wake ulikuwapo tayari: seva ndogo za familia ya KDrive, zilizotokana na kazi ya Keith Packard. Mojawapo, Xvesa, iliwasiliana na kadi kwa kupitia amri za kiwango cha VESA zilizohifadhiwa ndani ya kadi yenyewe. Kwa kuwa karibu kila kadi ilizielewa amri hizo, seva moja ndogo ilitosha kuonesha picha katika kompyuta za kila aina. Damn Small Linux iliitumia, na Puppy ya miaka hiyo ilimwomba mtumiaji achague kati ya Xorg na Xvesa.

Tatizo ni kwamba amri za VESA zinatosha kuipanga skrini na kuchora juu yake, lakini hazifiki kwenye sakiti za video. Hakuna Xv katika Xvesa. Mtumiaji aliyeichagua alipata mfumo unaowaka haraka na kuacha kumbukumbu nyingi, kisha prosesa yake ikabebeshwa mzigo wote ulioelezwa katika sehemu ya 3.0. Kinaya chake ni kwamba uamuzi huo ulifanywa zaidi katika kompyuta zenye prosesa dhaifu, yaani zile ambazo zingefaidika zaidi na msaada wa kadi. Mwenye kompyuta yenye nguvu aliweza kukosa Xv bila kutambua. Mwenye kompyuta dhaifu hakuweza.

Hapa ndipo insha inapopendekeza kutofautisha aina mbili za wepesi. Kuna wepesi wa kupunguza, unaopatikana kwa kuondoa sehemu za mfumo. Na kuna wepesi wa kugawana kazi, unaopatikana kwa kukipa kila kifaa kazi iliyokusudiwa kifanye. Aina ya kwanza huonekana mara moja, kwa kuwa hupimwa kwa megabaiti. Aina ya pili haionekani hadi kazi nzito ianze. Miradi ya mwanzo ilitukuza ya kwanza, na wakati mwingine iliigharimia kwa ya pili.

Mizania hiyo ilibadilika taratibu. LXDE, mazingira ya eneo-kazi yaliyoanzishwa mwaka 2006 na Hong Jen Yee wa Taiwan, yalilenga kupunguza uzito wa sehemu anazoziona mtumiaji, bila kugusa seva ya X wala viendeshi. Lubuntu, iliyoyatumia mazingira hayo na kutambuliwa rasmi katika familia ya Ubuntu kwa toleo la 11.10 la Oktoba 2011, ilirithi viendeshi vyote vya Ubuntu. Ilikuwa nzito kuliko Damn Small Linux kwa kila kipimo cha ukubwa, lakini haikuinyang'anya kadi kazi yake.

5.0 Usimbuaji na Njia Tatu za Kiendeshi

Mwaka 2003 ulikamilika mkataba wa kiufundi uliobadilisha mzigo wenyewe. H.264, kiwango kilichoandaliwa kwa pamoja na ITU-T na ISO/IEC, kilibana video kwa ufanisi mkubwa kuliko MPEG-2 ya DVD, lakini kiliidai kompyuta kazi kubwa zaidi wakati wa kusimbua. Hadi hapo Xv ilikuwa imetatua tatizo la kuonesha. Sasa tatizo likawa kusimbua. Nyongeza ya XvMC, iliyohamishia kwenye kadi baadhi ya hatua za usimbuaji, ilikuwa imeandaliwa kwa kufuata hatua za MPEG-2 na haikuufaa mkataba mpya.

Majibu yalikuja kwa violesura viwili. Novemba 2008 kampuni ya NVIDIA ilitoa VDPAU, na Intel kwa upande wake ikabuni VA-API. Vyote viwili viliiwezesha programu kuikabidhi kadi video ikiwa bado imebanwa, na kadi ikaisimbua yenyewe. Ni nani angenufaika navyo lilikuwa swali la kiendeshi, na katika miaka hiyo viendeshi vilipatikana kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ilikuwa ya mtengenezaji kutoa maelezo. Septemba 2007 AMD, iliyokuwa imeinunua ATI mwaka uliotangulia, ilitangaza kwamba ingetoa kwa umma maelezo ya kiufundi ya kadi zake. Januari 2008 Intel ilichapisha miongozo ya waandishi wa programu kuhusu chipu zake za 965 na G35. Njia ya pili ilikuwa ya kujitolea kuuchunguza utendaji wa kadi bila maelezo ya mtengenezaji. Mradi wa Nouveau, ulioanzishwa mwaka 2005 na Stéphane Marchesin kwa ajili ya kadi za NVIDIA, uliingia katika kiini cha Linux kwa toleo la 2.6.33 la Februari 2010. Ni miaka mitano ya kazi ili kufikia hatua ambayo nyaraka zingeifupisha. Njia ya tatu ilikuwa ya mtengenezaji kuandika kiendeshi mwenyewe na kukitoa kikiwa kimefungwa, bila msimbo chanzo wake.

Ingekuwa rahisi kuilaani njia ya tatu moja kwa moja, lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwaka 2009 zilipouzwa kompyuta ndogo za jukwaa la NVIDIA ION, zilizounganisha prosesa dhaifu ya Atom na chipu ya michoro ya GeForce 9400M, kiendeshi kilichofungwa pamoja na VDPAU viliziwezesha kucheza H.264 ya ubora wa juu ambayo Atom peke yake haikuiweza. Kwa kipimo cha matokeo ya siku ile, hapakuwa na kiendeshi huria kilichoifikia.

Vivyo hivyo, uhuria haukuwa kinga dhidi ya makosa. Kati ya matoleo ya 2.6.28 na 2.6.29 ya kiini, yaliyotolewa Desemba 2008 na Machi 2009, usimamizi wa kumbukumbu za michoro na upangaji wa skrini kwa chipu za Intel ulihamishwa kutoka seva ya X kwenda kwenye kiini chenyewe. Mageuzi hayo yalikuwa ya lazima, kwa kuwa hapo awali seva ya X ilikuwa ikiiamuru kadi moja kwa moja bila kiini kujua. Lakini yalifanyika huku watu wakiutumia mfumo, na Ubuntu 9.04 ya Aprili 2009 ilitolewa ikikiri katika maelezo yake kwamba utendaji wa chipu za Intel ulikuwa umeshuka. Wenye kompyuta nyepesi waliathirika bila kosa lao.

Tofauti ilidhihirika baadaye. Makosa ya kiendeshi huria yalirekebishwa katika matoleo yaliyofuata, kwa sababu msimbo ulikuwa mikononi mwa watu wengi. Kiendeshi kilichofungwa kilidumu kwa muda ambao mtengenezaji aliutaka. NVIDIA ilizihamishia kadi zake za zamani kwenye matawi ya viendeshi yasiyopokea maboresho mapya. Tawi la 340, lililobeba kizazi cha GeForce 8 na 9, na kwa hiyo ION pia, lilifikia mwisho wa utunzaji wake mwaka 2019.

6.0 Mkasa wa GMA 500

Hakuna mfano unaoipima hoja hii vizuri kuliko chipu ya Intel GMA 500. Mwishoni mwa mwaka 2007 kampuni ya Asus ilikuwa imetoa Eee PC 701, kompyuta ndogo ya mkononi yenye skrini ya inchi 7, kumbukumbu ya megabaiti 512 na hifadhi ya gigabaiti 4, ikiwa na Linux tangu kiwandani. Mafanikio yake yalifungua soko la netibuku, na Linux nyepesi ikauzwa madukani kama bidhaa ya kawaida. Netibuku nyingi za mwaka 2008 na kuendelea zilitumia prosesa ya Atom N270 pamoja na michoro ya GMA 950. Chipu hiyo haikuweza kusimbua H.264, lakini kiendeshi chake kilikuwa huria, kilikuwa na Xv, na kilisafiri pamoja na kila toleo la Linux.

Kundi jingine la netibuku, likiwamo Acer Aspire One 751h na Dell Mini 12, lilitumia Atom za mfululizo wa Z5xx pamoja na GMA 500. Tofauti na chipu nyingine za Intel za wakati huo, GMA 500 ilijengwa juu ya sakiti za PowerVR SGX zilizobuniwa na kampuni ya Uingereza ya Imagination Technologies, na Intel haikuwa na uhuru wa kutoa maelezo yake kwa umma. Kwa vifaa tupu, GMA 500 iliizidi GMA 950 katika jambo linalotuhusu hapa: ilikuwa na sakiti za kusimbua MPEG-2, VC-1 na H.264.

Kiendeshi chake cha Linux kilikuwapo. Sehemu yake iliyokaa katika kiini ilikuwa wazi, lakini sehemu za michoro ya pande tatu na za video zilitolewa zikiwa zimefungwa. Dell iliuza baadhi ya kompyuta hizo zikiwa na Ubuntu 8.04, na katika toleo hilo kiendeshi kilifanya kazi. Lakini kiini cha Linux na seva ya X havibaki mahali pamoja. Kila toleo jipya lilibadilisha viungo ambavyo sehemu zilizofungwa ziliandikwa zivitegemee, na hapakuwa na mtu nje ya wenye msimbo aliyeweza kuzirekebisha. Watu wa kujitolea walitia viraka sehemu zilizokuwa wazi ili kukiburuza kiendeshi kutoka toleo hadi toleo, kisha viraka navyo vikafikia kikomo.

Mmiliki aliyetaka kusasisha mfumo wake alibaki na machaguo mawili. La kwanza, kubaki katika toleo la zamani ambalo lingeacha kupokea marekebisho ya usalama. La pili, kusasisha na kutumia kiendeshi cha jumla cha VESA, ambacho mara nyingi hakikuweza hata kuipanga skrini katika vipimo vyake halisi. Aliyechagua la pili alirudi katika hali ya kabla ya Machi 2000: prosesa ya gigahezi 1.33 ikibadilisha rangi za kila pikseli, huku sakiti za kusimbua H.264 zikikaa bure katika chipu iliyo jirani nayo.

Mwaka 2011 kiendeshi kipya kilichoandikwa na Alan Cox, gma500, kiliingia katika sehemu ya majaribio ya kiini, na kwa toleo la 3.3 la Machi 2012 kikatolewa katika majaribio na kuwa sehemu ya kawaida ya kiini. Skrini sasa ilipangwa ipasavyo bila programu yoyote iliyofungwa. Hata hivyo, kiendeshi hicho hakikuwa na michoro ya pande tatu wala usimbuaji wa video, kwa kuwa maelezo ya sakiti hizo hayakuwahi kufunguliwa. Kompyuta ziliokolewa kama mashine za kuandikia. Kama mashine za video hazikuokolewa.

Kwa hiyo netibuku mbili za kipindi kimoja, za bei zinazokaribiana, zilipata hatima tofauti. Ile yenye sakiti duni za video iliendelea kutumika na matoleo mapya ya Linux. Ile yenye sakiti bora ilipitwa na wakati mapema. Uchakavu wa vifaa hauwezi kulieleza jambo hili. Wala wepesi wa mfumo hauwezi kulieleza, kwa sababu mkusanyiko uleule wa Linux nyepesi uliwekwa katika zote mbili.

7.0 Mjadala

Pingamizi tatu zinastahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba wepesi wa kupunguza ulikuwa na faida halisi. Hilo ni kweli. Kompyuta yenye megabaiti 256 za kumbukumbu inayolazimika kuhamishia data kwenye diski kila mara haitacheza video vizuri hata ikiwa na kiendeshi bora. Kupunguza ni sharti la lazima katika hali hiyo, lakini si sharti linalojitosheleza.

La pili ni kwamba video nyingi za miaka hiyo zilitazamwa ndani ya kivinjari. YouTube ilianza mwaka 2005 ikitumia Flash Player, ambayo kwa sehemu kubwa ya kipindi hiki ilisimbua video kwa prosesa katika Linux bila kuutumia uwezo wa kadi. Pingamizi hili linaonesha mpaka wa hoja lakini haliivunji. Flash Player nayo ilikuwa programu iliyofungwa, na mtumiaji hakuweza kuiunganisha na Xv au VA-API kwa kuwa hakuwa na msimbo wake. Wengi waliipakua video na kuichezesha kwa MPlayer, jambo lililoirudisha kazi mahali ambapo kiendeshi kilikuwa na nafasi.

La tatu ni kwamba wakati ungetatua kila kitu, kwa sababu prosesa ziliendelea kuwa na kasi zaidi. Hoja hii inasahau ni nani anayezungumziwa. Prosesa mpya humsaidia anayenunua kompyuta mpya. Mtumiaji wa Linux nyepesi, kwa tafsiri iliyotolewa katika sehemu ya 2.0, ni yule anayejaribu kuitunza kompyuta aliyo nayo, na kompyuta hiyo haiongezeki kasi kwa kupita kwa miaka.

8.0 Hitimisho

Insha imeonesha kwamba kati ya mwaka 2000 na 2012 uchezaji wa video katika Linux nyepesi uliboreshwa hasa kwa kuhamisha kazi kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye kadi ya michoro, kwanza kazi ya kuonesha kwa Xv, kisha kazi ya kusimbua kwa VDPAU na VA-API. Wepesi wa kupunguza uliusaidia uhamisho huo pale tu ulipoacha viendeshi mahsusi mahali pake. Viendeshi vilivyofungwa viliweza kutoa matokeo mazuri, na viendeshi huria viliweza kukosea. Lakini kudumu kwa matokeo hayo kulitegemea kama watu wengine, mbali na mtengenezaji, walikuwa na maelezo ya kutosha kuendeleza kazi.

Kwa wasomaji wa Kiswahili, suala hili si geni kabisa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa lugha ya Kiswahili. Tafsiri hiyo iliwezekana kwa kuwa msimbo wa OpenOffice.org ulikuwa wazi. Haikumlazimu mtu kungoja kampuni iamue kwamba soko la Kiswahili lina faida. Mkasa wa GMA 500 unaonesha kwamba uwazi wa namna hiyo unaweza kuishia juu ya kifaa usiingie ndani yake: mfumo mzima unaweza kuwa huria, na chipu moja iliyofungwa ikaamua kompyuta itafaa kwa kazi gani.

Yatokanayo na matokeo haya ni mapendekezo mawili. Kwanza, taasisi zinazonunua au kupokea kompyuta zilizotumika zichunguze, kabla ya kukubali, kama chipu ya michoro ina kiendeshi kilichomo ndani ya kiini cha Linux na kama kiendeshi hicho kinasimbua video. Ukubwa wa kumbukumbu na kasi ya prosesa, ambavyo ndivyo hutazamwa kwa kawaida, havitoshi kuamua. Pili, watafiti wa historia ya teknolojia wakusanye na kuhifadhi maelezo ya matoleo na kumbukumbu za viendeshi. Kumbukumbu hizo huweza kupotea, ilhali ndizo zinazobaki kueleza kwa nini kompyuta zilizokuwa bado zinawaka ziliachwa.